Mlango Usio na Komeo

Ilikuwa siku ya nne mfululizo mlango wake unagongwa na mtu asiye na haja ya kuingia. Mara mbili haraka, mara moja polepole, kisha kimya. Hodi hakuna. Mjane alikuwa amepiga magoti akipangusa sakafu. Akaliacha tambara ndani ya ndoo, akangoja. Alijua kitakachofuata. Vicheko, miguu ikikimbia, halafu sauti ya mtu mzima, wala si mtoto, ikiimba kwa kujikwaruza koo:

"Nimegonga, mke wangu, nimegonga. Mvua imenivisha koti la maji..."

"Na ikuvishe na suruali," mjane akasema chinichini, akarudia sakafu yake.

Mwaka wa kumi ulikuwa unatimia tangu mumewe afe. Watu walimwita Kutu, kwa sababu ya sauti yake iliyokuwa kama bati lililosahauliwa nje, na alipiga bluzi kwa gitaa lile lile moja tangu ujana hadi mapafu yalipomkatalia. Akiwa hai walikuja kumsikiliza watu thelathini, arobaini wakiwa wengi, na nusu yao walikuwa wamefuata kinywaji. Alipokufa ndipo alipopata watoto. Walijiita Wana wa Kutu. Kinyozi mmoja, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wao, aliwanyoa wateja alama ya gitaa visogoni. Fundi bati alitengeneza gitaa la madebe lenye kimo cha mtu. Mwalimu wa shule akazigeuza nyimbo kuwa igizo. Na vijana walichora mlango kwenye fulana, kwenye mikoba, kwenye ukuta wa kituo cha maji. Mlango wa mbao, wa kijani kilichobanduka, ubao wa chini umeliwa na unyevu. Mlango wa nyumba yake. Kwani wimbo walioupenda kuliko zote ulikuwa ule wa mume aliyefungiwa nje na mkewe katika mvua, akagonga mpaka kulipokucha.

Mke huyo alikuwa yeye. Kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali alikokunja mashuka kwa miaka karibu thelathini, wenzake walimwita Mama Mlango, na akichelewa kufungua mashine kulikuwa na mtu wa kusema: "Mwacheni, huyo kufungua ni kazi."

Alicheka nao. Angefanya nini?

*

Jumamosi waligonga wakapiga na hodi, hivyo akajua lipo jambo. Alikuwa mwenyekiti, utosi unang'aa, daftari kwapani. Nyuma yake alisimama seremala, jitu la mtu lenye haya, kamba ya kupimia imening'inia mfukoni.

"Mama yetu, hujambo?"

"Sijambo. Leo mmekumbuka hodi. Kuna nini?"

Mwenyekiti akacheka, akakaa, akakataa chai, akaikubali. Binti wa mjane, aliyefanya kazi ya mapokezi kwenye zahanati na ambaye siku hiyo hakuwa na zamu, akamimina vikombe vitatu.

"Tumekuja na ombi, mama. Ni zito kidogo, utuvumilie."

"Liweke chini nilione."

"Kumbukumbu ya miaka kumi tunaifanyia ukumbini. Ukumbi mkubwa, ule wenye jukwaa. Tumepanga kila kitu: koti lake, kofia yake, gitaa. Kimebaki kitu kimoja." Akageuza shingo. "Tunauomba mlango."

"Mlango upi?"

"Huu."

Seremala alikuwa bado wima, kiganja chake kiko juu ya ubao kama mtu anayempima mgonjwa homa.

"Nikiwapa mlango, mimi nitalala na pazia?"

"Tunakuletea mpya siku hiyo hiyo! Wa chuma. Hutagharamia hata msumari. Huu tutautunza, mama, uwekwe mahali watu wauone. Watu wanatoka mbali kuja kuugusa, unajua?"

"Kuugusa sijui. Kuugonga najua."

"Mama, kubali," binti akasema. "Umeoza. Panya wa nyumba hii wanaingia wima, hata kuinama hawainami."

Mjane alikizungusha kikombe mkononi. Mambo ya kudai hakuyazoea. Miaka yote alikuwa mtu wa kupokea na kushukuru. Lakini neno lilikuwa limemkaa kooni tangu kabla ya yeyote kati ya hawa kuota ndevu, na hapa palikuwa na kitu walichokitaka kwake.

"Nitawapa," akasema. "Ila siku hiyo na mimi nataka kusema."

"Kusema nini, mama?"

"Maneno yangu. Dakika tatu zinanitosha."

"Mama yetu, hata kumi!" Mwenyekiti akafungua daftari, akaandika kwa madaha: *Mjane, maneno.* Akapigia mstari.

"Na mlango uende kama ulivyo."

"Nitautunza kama mwanangu," seremala akasema. Ndilo neno la kwanza alilotamka tangu aingie, na uso ulimwiva kwa kulitamka.

*

Walipoondoka, binti alikusanya vikombe. "Utawaambia nini, mama?"

"Kwamba sikuwepo."

Binti akavisuuza tena vikombe vilivyokwisha kusuuzwa.

"Nilikuwa zamu ya usiku," mjane akasema. "Wewe uko tumboni, miezi saba. Mvua ilinyesha, mlango ukavimba kama unavyovimba. Unajua mwenyewe: mpaka uuinue kwa bega ndipo uufungue. Baba yako alikuwa amelewa, akasahau bega. Akagonga. Nani amfungulie, na nyumba haina mtu? Asubuhi nimerudi nikamkuta kizingitini na gitaa, wimbo umekwisha. Nikautia mlango bega, ukafunguka. Nikamwambia, wewe, mbona umenitia humo na mimi nilikuwa napiga pasi mashuka ya watu? Akasema, wimbo hauhitaji ukweli, mwanamke, unahitaji mtu wa kulaumiwa." Akapumua. "Nikacheka. Hapo ndipo nilipokosea."

"Aliuimba miaka yote mbele yangu, mama. Wewe uko hapo unamenya vitunguu. Hukumkanusha hata siku moja."

"Wimbo ule ndio uliokusomesha. Ningeukanusha vipi?"

Binti akageuka. Mikono yake ilikuwa inadondosha maji. "Mimi nilikuwa nakuogopa. Hukujua? Nikichelewa kutoka shule nilikuwa nakimbia njia nzima. Wenzangu wanacheza, mimi nakimbia. Nilidhani giza likiingia utafunga."

Mjane akainuka. Akaenda mlangoni. Akaufungua, akamwita mwanawe kwa kidole, akamshika mkono uliolowa na kuupitisha juu ya ubao wa ndani, kutoka juu mpaka chini, kisha juu ya fremu.

"Kuna komeo?"

"Hakuna."

"Kuna kitasa? Kuna tundu la skrubu, hata moja, la kuonyesha kwamba palikuwa na kitu?"

"Hakuna, mama."

"Basi. Mlango huu haujui kufunga mtu. Unajua kukwama tu. Nitamwita mwanamume mwenye nguvu kuliko wote mle ukumbini, nimwambie afungue. Ashindwe. Halafu mimi, na uzee huu, niutie bega. Watu wana macho, mwanangu. Nawe utakuwepo."

"Nitakuwepo," binti akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kuamini lakini bado anaangalia alipoweka mguu.

Jumatatu seremala alikuja na mkokoteni akauchukua mlango, ameufunika shuka. Siku sita walingoja mlango mpya, wakilala na pazia na kabati lililosukumwa. Kila jioni mjane alisimama mbele ya saa ya ukutani akiyapima maneno yake. Dakika tatu zilikuwa nyingi. Yaliisha kwa moja na nusu.

*

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Gitaa la madebe lilisimama mlangoni na watu wakapigwa picha nalo. Msichana mmoja alikuwa ameshona gauni lenye maneno ya nyimbo, kuanzia kola mpaka pindo. Mzee wa makamo alileta uso wa Kutu aliouunganisha kwa vizibo vya chupa, mwaka mzima wa kazi, akalia alipouinua. Mjane aliona haya. Watu hawa walimpenda mumewe kweli. Yeye amekuja kuwanyang'anya kitu gani?

Akamtafuta binti yake kwa macho, safu ya tatu, akamwona. Haya ikapungua.

Saa tisa na nusu mwenyekiti alimjia mbio, jasho likimteremka kisogoni juu ya gitaa alilonyolewa.

"Mama, muda umetubana. Ukumbi tumepewa mwisho saa kumi. Hotuba zote tumezifuta, hata ya mgeni rasmi."

"Na yangu?"

"Wewe tukufute? Thubutu! Tumekuingiza kwenye igizo. Ndiyo kilele. Unasimama nyuma ya mlango, mwalimu anagonga, anaimba, akimaliza unamjibu ule mstari: *Nenda ukalale na gitaa lako.* Basi. Watu watazimia."

"Sijawahi kusema maneno hayo."

"Ndiyo maana yatanoga ukiyasema mwenyewe! Tafadhali, mama. Twende, twende."

Alikuwa ameshamshika kiwiko. Katika ngazi za jukwaa mjane alijiambia: si neno, mlango uko kule. Mimi nikinyimwa kusema, mlango utasema. Mwalimu atasukuma, utakwama, nitatoka pembeni niwaite waje.

Ulisimamishwa katikati ya jukwaa ndani ya fremu mpya. Kwa mbele ulikuwa ule ule, kijani kile kile, mkwaruzo ule ule wa meza waliyoiingiza mwaka waliohamia. Akazunguka nyuma yake. Harufu ya mbao iliyotoka kukatwa ikampiga puani, na kwenye usawa wa sikio lake kitu cha shaba kikametameta.

Komeo. Skrubu nne, zimekazwa barabara.

Seremala alikuwa amejibanza nyuma ya pazia la pembeni, anamtazama kama mtoto aliyeleta daftari la alama nzuri.

"Hii ni nini?" mjane akanong'ona.

"Komeo, mama. Nilikuta halipo, nikajua liling'oka zamani. Nimelitafuta wiki nzima. Ni la enzi zile zile."

"Halikuwepo."

"Ndiyo. Ndiyo maana nimeliweka."

Mjane akainamia chini ya ubao. Ulikuwa umepigwa randa, umenyooka, mweupe kama mkate uliokatwa. "Na huku?"

"Ulikuwa unaburuza, mama! Sijui mliishi nao vipi. Na bawaba nimezitia mafuta. Sasa hata pumzi inaufungua." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Niliahidi nitautunza kama mwanangu. Mtoto akiumwa, humwachi."

Alisubiri. Mwili mkubwa kama ule, na kusubiri kudogo kama kule.

"Asante, baba," mjane akasema. "Umefanya kazi."

Taa zikazimwa, moja ikabaki. Mara mbili haraka, mara moja polepole. Upande wa pili mwalimu alianza kuimba, amevaa koti la mumewe, na ukumbi mzima ukaitikia. Watu mia tatu wakimlalamikia yeye kwa sauti moja, kwa mapenzi, wengine machozi yanawatoka, wamegonga, mke wetu, wamegonga. Wimbo ukaisha. Pakawa kimya cha kusubiri mstari wake.

Hakuusema. Komeo hakuligusa. Alikuwa akitafuta mwanzo wa yale maneno ya dakika moja na nusu, na mwanzo haukuonekana.

Mwalimu alikohoa. "Mke wangu?" akaongeza kutoka kichwani mwake, akagonga tena, kwa kifundo kimoja tu cha kidole. Mlango ukafunguka wote. Haukulia, haukuburuza, ulifunguka kama ukurasa, na mjane akaonekana amesimama kwenye taa, mikono imening'inia.

"Sikuufunga," akasema. "Sikilizeni. Mimi sikuwepo. Mlango huu hauna..."

Akageuza kichwa kuuonyesha, na komeo lilikuwa pale, shaba inawaka taa, ukumbi mzima unaliona.

"Amemfungulia!" mwenyekiti akapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Jamani! Miaka yote hii! Leo amemfungulia!"

Ukumbi ulisimama kama mtu mmoja. Watu walikumbatiana. Mwanamke wa rika lake alipanda jukwaani akamshika mashavu kwa mikono yote miwili: "Dada yangu, umesamehe. Sisi hatuna kazi nyingine duniani ila kusamehe." Mjane alisema, "Mimi nilikuwa kazini," na yule mwanamke akasema, "Najua, najua," akambusu.

Kwenye safu ya tatu binti yake alikuwa amesimama pia, ila hakupiga makofi. Alikuwa analitazama komeo.

*

Mlango wa chuma waliukuta umeshawekwa. Vijana wawili walikuwa wanakusanya vifaa. Ulikuwa mzuri, hilo halikufichika: mzito, mweusi, umechomelewa gitaa katikati, na juu ya gitaa herufi kubwa: NIMEGONGA.

"Funguo ziko wapi?" binti akauliza.

"Anazo mwenyekiti. Alisema atazileta mwenyewe kwa heshima zake. Kwa sasa unashikiliwa na hili tu." Kijana akaonyesha jiwe walilouegemezea. "Una springi, dada, unajirudi wenyewe. Ukijibana ni mpaka ufunguo, ndani na nje. Mwizi hapati kitu hapa."

Wakaenda. Binti alimtazama mama yake aliyekaa kitandani na viatu vyake miguuni.

"Mama, tangu asubuhi hujala. Ngoja nilete mkate."

Alipotoka, pindo la gauni lake liligusa jiwe, au mguu wake uliligusa, au jiwe lenyewe lilikuwa limechoka. Mlango ulijirudi. Mjane alisikia mlio ambao nyumba ile ilikuwa haijawahi kuusikia: *ka*, mfupi, safi.

Aliinuka. Akavuta. Akautia bega kwa mazoea, akauinua, na chuma hakikumjua.

Binti aliporudi alisukuma, kisha akagonga kwa kiganja. "Mama, nifungulie."

"Siwezi."

"Vuta hicho kishikio."

"Nimevuta, mwanangu. Umejibana."

Binti akampigia simu mwenyekiti. Kwenye simu ya mwenyekiti, mtu akisubiri kupokelewa, husikia wimbo. Mjane aliusikia kupitia chuma, mdogo kama wa mbu: nimegonga, mke wangu, nimegonga. Ukafika mwisho ukaanza upya. Hakuna aliyepokea. Walikuwa wangali wanasherehekea.

Alipiga mara sita. Kisha alizunguka kwenye dirisha la pembeni lenye nondo, akaupitisha mkate vipande vipande, na mama yake akavipokea kimoja kimoja, akavipanga juu ya meza, hakula. Watoto wa jirani walikuwa wanatoka kucheza. Mmoja akasimama, akasoma hali ilivyo, akafurahi.

"Njooni muone! Mama Mlango kamfungia na mwanawe!"

"Ondokeni hapa!" binti akafoka, na walicheka kwa kuwa alifoka, na walipokwenda walikwenda wakiimba.

Jua lilikuwa linaondoka ukutani. Binti alirudi mbele, akakaa kizingitini, mgongo wake ukiegemea gitaa la chuma. Ndani mjane alisikia kitambaa kikikwaruza chuma, akajua amekaa. Naye akateremka polepole, goti moja kisha la pili, akakaa sakafuni akaegemea upande wake. Chuma kilikuwa bado kina joto la mchana.



"Mama."

"Naam."

"Siku ile. Ulirudi kutoka kazini saa ngapi?"

Mjane akafumba macho. Maneno yalikuwepo, yote, kwa mpangilio wake, kama mashuka kwenye rafu.

"Saa kumi na mbili na robo," akasema. "Nilikuwa na viatu mkononi, kwa matope."

"Sikusikii, mama. Chuma kinameza. Sema tena."

Akageuka, akaweka mdomo karibu na bawaba, pale ambapo mlango wa mbao ulikuwa na ufa na huu haukuwa nao, akapaza sauti yake ambayo hakuzoea kuipaza, akaanza tena tangu mwanzo.